Mtoto mchanga apimwe oksijeni mkononi na mguuni kabla ya kuondoka wodini

Ndugu Mhariri,

Kila mara magazeti na redio zetu zinapotangaza kwamba watoto kadhaa wamefanyiwa upasuaji wa moyo, maneno yanayotumika huwa ni yale yale: watoto hao walizaliwa na "tundu kwenye moyo". Kwa wengi wao maneno hayo ni ya kweli, na yamewasaidia wazazi kujua kwamba moyo wa mtoto unaweza kuwa na hitilafu tangu tumboni. Hata hivyo, naomba nafasi katika safu yako niwasemee watoto wengine ambao shida yao si tundu. Hawa mishipa yao miwili mikubwa inayotoka moyoni imebadilishana mahali, na kama wana tundu, basi tundu hilo ndilo linalowashikia uhai. Nilikuwa mkunga kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa niaba yao nina ombi moja: mtoto yeyote asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kupimwa kiwango cha oksijeni katika damu, mkononi na mguuni, kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidole ambacho tulikizoea sote wakati wa UVIKO-19.

Ili ombi langu lieleweke, sina budi kueleza kwanza hitilafu yenyewe. Katika moyo wenye afya, upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma kwenda mapafuni, ilhali upande wa kushoto hupokea damu iliyotoka mapafuni ikiwa na oksijeni na kuisukuma mwilini kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Ni safari moja ndefu, na kila tone la damu hupita mapafuni kabla ya kurudi kazini. Kwa mtoto ninayemzungumzia, aota imeota juu ya chumba cha chini cha kulia, na mshipa wa mapafu umeota juu ya chumba cha chini cha kushoto. Damu iliyochoka hurudi moyoni na kusukumwa tena mwilini bila kuonja hewa, na damu iliyojaa oksijeni hurudishwa mapafuni, ambako haina kazi ya kufanya. Mzunguko mmoja umegeuka kuwa miwili, kila mmoja ukizunguka peke yake.

Mtoto huyo huishi kwa kadiri damu ya mizunguko hiyo miwili inavyoweza kuchanganyika, na njia za kuchanganyika ni chache. Ipo nafasi kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, ambayo kila mtoto huzaliwa nayo. Upo mshipa mdogo unaounganisha aota na mshipa wa mapafu, ambao nao kila mtoto huzaliwa nao. Na baadhi yao wana tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya chini. Akiwa tumboni hapati taabu, kwa kuwa oksijeni yake huipata kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo huzaliwa akiwa na uzito mzuri, hulia kwa nguvu na kushika titi. Baada ya hapo ule mshipa mdogo huanza kujifunga, kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo, kama inavyopasa kwa mtoto yeyote. Kwa wenzake hayo ni maendeleo ya afya, lakini yeye anafungiwa njia ya pumzi.

Hitilafu hii huwapata watoto wapatao wawili hadi watatu katika kila 10,000 wanaozaliwa, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo watoto 400 na zaidi huzaliwa hivyo kila mwaka katika nchi yetu peke yake. Wasipotibiwa, karibu theluthi moja hufariki ndani ya wiki ya kwanza, karibu nusu kabla ya kutimiza mwezi, na takriban tisa kati ya kumi kabla ya kuadhimisha mwaka mmoja. Ni miongoni mwa magonjwa ya moyo wa watoto yanayoua haraka sana, ilhali tiba yake ikiwahi humpa mtoto nafasi kubwa ya kukua, kusoma na kucheza kama wenzake.

Nilimpokea mmoja wao kwa mikono yangu, miaka kadhaa kabla sijastaafu, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa lililotokea pale lingeweza kutokea popote. Alikuwa mvulana wa kilo 3.2, mzaliwa wa kwanza wa mama kijana aliyehudhuria kliniki zote bila kukosa. Alilia mara moja, akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Nilimkagua macho, kaakaa, kitovu, vidole na njia ya haja, kama nilivyofundishwa, na sikuona kasoro. Kesho yake asubuhi wodi ilikuwa imefurika, akina mama wawili wawili kitandani, nami nikawaandikia ruhusa. Siku ya tatu jioni walirudi. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, si kwa kukwama wala kwa kuvuta mbavu, ila haraka tu, na ulimi wake ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Tulimwanzishia dawa za nimonia na kumwekea oksijeni. Kifaa cha kupimia kilionyesha asilimia 62, na baada ya nusu saa ya oksijeni kilionyesha 64. Sikujua wakati ule kwamba oksijeni ya mtungi kushindwa kupandisha kipimo ni ishara kubwa kwamba tatizo liko katika njia za damu wala haliko mapafuni. Tulimpa rufaa usiku ule. Kule alikopelekwa alifanyiwa kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na daktari kijana aliyemwona alinipigia simu siku iliyofuata kunieleza kwamba mishipa mikubwa ilikuwa imebadilishana nafasi, na kwamba mtoto alifariki alfajiri.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kumjua mapema. Kwa macho na masikio, nadhani nisingeweza, na hili ndilo ambalo wasomaji wengi hawalifahamu. Watoto wengi wenye hitilafu hii hawana mlio wowote usio wa kawaida katika moyo, kwa kuwa milio hiyo hutokana na damu inayopenya kwa nguvu mahali pembamba, na kwao hakuna mahali pa namna hiyo. Mapafu yao husikika safi. Ultrasaundi ya ujauzito nayo huweza kuwapita, kwani mpimaji akitazama vyumba vinne vya moyo tu atavikuta vyote vinne mahali pake, vya ukubwa ufaao; sharti asogeze kifaa aitazame mishipa inavyotoka moyoni, aone kama inapishana kama ipasavyo au inakwenda sambamba. Na rangi ya mtoto, ambayo vitabu tulivyosomea huitegemea sana, hudanganya. Jicho la mtu mzoefu huanza kuiona zambarau wakati oksijeni imekwisha kushuka hadi karibu asilimia 80, na kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi ni lazima utazame ulimi na fizi, tena penye mwanga mzuri. Wodi niliyofanyia kazi ilikuwa na taa mbili, na moja ilikuwa haiwaki.

Kifaa cha kubana kidole huona kile ambacho jicho halikioni. Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi kwamba muuguzi anaweza kukijifunza siku moja. Mtoto akiwa ametulia na ana joto, kifaa chenye kibanio cha watoto wachanga hufungwa kwenye mkono wa kulia, kisha kwenye mguu wowote. Mkono wa kulia huchaguliwa kwa sababu mshipa unaoulisha huchepuka kutoka kwenye aota kabla ya pale ule mshipa mdogo wa muda unapoungana nayo, ilhali mguu hulishwa na damu iliyokwisha kupita hapo. Kwa hiyo vipimo viwili husimulia habari ambayo kimoja hakiwezi kuisimulia. Vyote viwili vikiwa asilimia 95 au zaidi, na tofauti kati yao isizidi tatu, mtoto amefaulu. Kimoja kikiwa chini ya 90, daktari aitwe hapo hapo. Vikiwa katikati, hurudiwa baada ya saa moja. Ningependa wenzangu walioko kazini wakumbuke pia kwamba kwa baadhi ya watoto wenye hitilafu hii mguu huonyesha oksijeni nyingi kuliko mkono, jambo ambalo mtu anaweza kudhani ni kosa la mashine. Si kosa la mashine, na mtoto huyo asirudishwe kwa mama yake kabla ya kuonwa.

Marekani iliweka kipimo hiki katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011. Sisemi kwamba kinakamata kila kitu. Kuna hitilafu za moyo, hasa kubanwa kwa aota, ambazo zinaweza kukipita. Vilevile vifaa hivi huelekea kuongeza kidogo kiwango kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtu asijipe moyo kwa kusema 93 si mbaya. Lakini kwa watoto ambao mishipa yao imebadilishana mahali ni kipimo chenye nguvu, kwa kuwa oksijeni yao huwa chini tangu saa za mwanzo, hata wakati wanaponyonya na kuonekana wazima.

Najua hoja itakayotolewa dhidi ya ombi hili, kwamba utaratibu wa Marekani unataka mtoto apimwe baada ya saa 24, na akina mama wetu wengi huondoka kabla ya hapo kwa sababu ya msongamano. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mtoto anaweza kupimwa mapema zaidi, hata ndani ya siku ile ile ya kwanza, na hasara yake ni kwamba baadhi ya watoto watashindwa kipimo bila kuwa na ugonjwa wa moyo. Wengi wa hao watagundulika kuwa na maambukizi au shida ya kupumua, na hao nao hawakupaswa kupelekwa nyumbani. Kwa wanaozaliwa nyumbani, kipimo kifanyike siku mama anapomleta mtoto kwa mara ya kwanza, hata kama amemleta kwa ajili ya chanjo tu.

Baada ya kugundulika, mtoto anahitaji mambo mawili ambayo hayamsubiri. La kwanza ni kuuweka wazi ule mshipa mdogo kwa dawa ya prostaglandini inayotiririshwa polepole kwenye mshipa. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani, na ni haki yake kuwamo katika kabati la kila hospitali ya rufaa ya mkoa, pamoja na mtu anayejua kwamba inaweza kumfanya mtoto asahau kupumua na kwamba hapaswi kuachwa bila kuangaliwa. La pili, kwa wale ambao damu haichanganyiki vya kutosha, ni kupanua ile nafasi kati ya vyumba vya juu kwa mrija mwembamba wenye puto nchani, unaopitishwa kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo, kisha puto likajazwa na kuvutwa kwa nguvu. Njia hii ilitangazwa mwaka 1966 na daktari William Rashkind wa Philadelphia. Daktari anamtengenezea mtoto tundu ili aishi, na tangu nilipolielewa jambo hilo sikuweza tena kulisikia neno "tundu" kama nilivyokuwa nikilisikia zamani.

Upasuaji wa kurekebisha una historia ambayo nadhani inafaa kusimuliwa kwa wasomaji wa nchi zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Åke Senning huko Sweden, na miaka michache baadaye William Mustard huko Toronto, waliwaokoa watoto wengi kwa kugeuza mkondo wa damu ndani ya vyumba vya juu, huku mishipa yenyewe ikiachwa ilipo. Watoto walikua, lakini chumba cha kulia, ambacho hakikuumbwa kwa kazi ya kuulisha mwili mzima, mara nyingi kilichoka baada ya miaka mingi. Kilichoshindikana ni kuihamisha mishipa yenyewe, kwa sababu kwenye mzizi wa aota huchipuka mishipa midogo inayoulisha msuli wa moyo, myembamba kwa mtoto mchanga kama uzi mnene, na hiyo nayo sharti ing'olewe na kupandikizwa upya bila kupindika. Aliyefanikiwa kwanza, mwaka 1975, hakuwa wa London wala Boston. Alikuwa Adib Jatene, huko São Paulo nchini Brazil, mzaliwa wa Xapuri katika jimbo la mbali la Acre, mwana wa mhamiaji kutoka Lebanon. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi yake. Upasuaji aliouanzisha ndio unaotumika leo duniani kote, na katika vituo vyenye uzoefu watoto wengi sana wanaofanyiwa huishi.

Lakini upasuaji huo una saa yake. Tumboni, chumba cha kushoto husukuma kwa nguvu kama cha kulia. Mtoto akishazaliwa, ikiwa aota haiko juu yake na hakuna tundu kati ya vyumba vya chini, chumba hicho hubaki na kazi nyepesi ya kusukuma damu mapafuni, na msuli wake hunywea wiki hadi wiki. Ndiyo sababu madaktari hupenda kupasua ndani ya wiki mbili hadi nne za mwanzo. Wakichelewa sana, chumba hicho hakitaweza tena kuubeba mwili kikikabidhiwa ghafla. Kwa hiyo mama anapopewa karatasi ya rufaa inayosema aje kliniki ya moyo mwezi ujao, ile karatasi kwa mtoto wa namna hii ni hukumu, hata kama imeandikwa kwa nia njema na mtu aliyechoka.

Tanzania si maskini wa ujuzi kama ilivyokuwa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwapeleka watoto India, na wengine wa Bara na Zanzibar walitibiwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na sasa watoto hupasuliwa moyo Dar es Salaam. Majirani zetu wa Kenya na Uganda nao wana vituo vyao. Kwa maoni yangu, pengo kubwa lililobaki liko kati ya wodi ya wazazi na taasisi hizo. Mtoto anayezaliwa Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Upanga, Dar es Salaam, ilipo taasisi yetu, na hawezi kuanza hata hatua ya kwanza ya safari hiyo ikiwa hakuna aliyejua kwamba anaumwa. Mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga kwa kupiga namba 115 tayari upo. Mtoto mwenye asilimia 80 katika zahanati ni dharura kama mama anayetokwa na damu, na waendeshaji wa mfumo huo wafundishwe kumpokea hivyo.

Nina neno pia kwa familia. Nimewasikia akina bibi, na nawaheshimu, wakisema kwamba mtoto wa zambarau amepigwa na upepo, au ana dege, au mama yake alikula kitu wakati wa ujauzito. Mishipa hii hupangika ndani ya wiki nane za kwanza za mimba, wakati wanawake wengi hata hawajajua kwamba wamebeba. Kwa watoto walio wengi sababu haijulikani. Kisukari kilichotangulia mimba huongeza uwezekano, na mwenye kisukari ana haki ya kukidhibiti kabla ya kushika mimba na kufanyiwa ultrasaundi ya moyo wa mtoto. Zaidi ya hapo, mama hana kosa. Yule mama kijana niliyemsimulia alirudi kwao akiwa ameandamwa na maneno ya wakwe, na mimi sikuwa na ujuzi wa kumtetea.

Kwa Wizara ya Afya ombi langu ni dogo, na linaweza kutekelezwa kwa wino. Katika kadi ya kliniki ya mtoto iongezwe mistari miwili, mmoja wa oksijeni ya mkono wa kulia na mwingine wa mguu, na muuguzi anayetoa ruhusa asiweze kusaini kabla mistari hiyo haijajazwa. Kadi ya mvulana yule niliijaza mwenyewe kwa mwandiko wangu: jina la mama, tarehe, uzito, chanjo ya BCG, matone ya polio. Kila nafasi iliyokuwa kwenye kadi ile niliijaza.

Wako,
Mkunga Mstaafu,
Morogoro.